Kibao cha Adelgunda

Choo cha Adelgunda kilibomolewa na mvua za Aprili. Alikuwa mjane wa miaka sitini na saba, na fundi alimwambia asubiri udongo ukauke. Egbert, mtendaji wa kijiji aliyehamishiwa kwetu kutoka Muleba, hakusubiri. Siku ya gulio alimvika shingoni kibao cha boksi kilichoandikwa SINA CHOO, akamsimamisha njiani kuanzia saa tatu hadi saa saba.

Watu walimwamkia. Aliitikia marahaba kila mmoja. Jirani yake Vero alipita akiangalia migomba, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kesho yake alikwenda ofisini.

"Shikamoo, mama," alisema Egbert.

"Marahaba. Nimekuja kuona sheria ndogo za kijiji. Nataka kujua kibao kisheria kina upana gani. Kile kilinikwaruza."

Egbert akasema nakala ni moja na haitoki kabatini. Adelgunda akasubiri mkutano mkuu wa kijiji.

Mwenyekiti, mzee Anatory, alipofika kwenye ajenda ya mengineyo, Adelgunda alisimama.

"Naomba nisomewe sheria iliyonivika kibao."

Nakala ikatoka kabatini. Egbert akasoma adhabu za asiye na choo: onyo la maandishi, faini, kisha mahakamani. Akaifunga nakala.

"Endelea, mwanangu."

"Imeishia hapo."

"Kibao kiko ukurasa gani?"

"Ilikuwa uhamasishaji, mama."

"Nimehamasika. Na Katiba inasemaje?"

Anatory alikuwa nayo kwenye mkoba. Akatafuta ibara ya kumi na tatu, akasoma polepole kwamba ni marufuku kumpa mtu adhabu ya kumtweza au kumdhalilisha.

"Basi na yeye avae!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. Makofi yakapigwa, na hata mwenyekiti akatabasamu.

"Hapana," alisema Adelgunda. "Tumesomewa sasa hivi kwamba kibao hakimo. Kwake pia hakimo."

"Unataka nini, mama?" Anatory akauliza.

"Aseme gulioni, watu wakiwepo, kwamba alikosea."

Siku ya gulio Egbert alisema. Alirudia mara mbili, kwa sababu wauza ndizi hawakusikia.

"Nimekusikia, mwanangu," Adelgunda akamjibu, akaenda kununua maharage.