Baiskeli Zilizoning'inia Juu ya Maharage

Kabla ya kupandisha baiskeli ya kwanza, Salum alipunguza upepo kwenye matairi, akapaka mnyororo oili chafu ya lori, kisha akapanda juu ya pipa na kuning'inia kwenye boriti kwa uzito wake mwenyewe. Boriti ilikuwa ya mninga. Haikulia. Kamba alitumia za katani, kwa sababu za ngozi huliwa na panya, na hakuzifunga kwenye rimu kama wafanyavyo watu wenye haraka, maana rimu ikibeba uzito wa baiskeli nzima kwa muda mrefu hupinda. Alizifunga kwenye usukani na chini ya kiti, magurudumu yote mawili yakabaki huru. Kila baiskeli aliielekeza mlangoni, yaani kaskazini, ili atakayeishusha asigonge usukani ukutani.

Ilikuwa Novemba 1978, Nyakahura. Lori la Salum lilikuwa limechukuliwa na serikali kwenda vitani pamoja na dereva wake, na banda lake likabaki tupu. Mwenyekiti wa kijiji, Ansbert, aliamua sakafu yake iwe ghala la maharage na mahindi ambayo kila kaya ilichangia kwa ajili ya askari. Vijana wa mgambo walioitwa walikuwa na baiskeli, na nyumba za kijiji, zilizojengwa mbiombio mwaka ule watu walipohamishwa kutoka mashambani kuja barabarani, zilikuwa ndogo na zilivuja. Baiskeli zikaletwa kwa Salum. Kwa kuwa chini kulikuwa na maharage, zilikwenda juu.

Salum hakukataa. Watu walimwita Mswahili wa pwani, ingawa alizaliwa Biharamulo na bahari hajaiona. Duka lake lilikuwa moja kati ya machache yaliyonusurika maduka ya watu binafsi yalipofungwa. Lilinusurika kwa neno la Ansbert, na neno hilo lilikuwa la mwaka hadi mwaka.

Baiskeli ya Theonest, mpwa wa Mwenyekiti, ilipandishwa kwa hotuba. Ansbert alisema kwamba kiongozi hutoa kwanza kilicho chake, watu wakapiga makofi. Kesho yake jioni akaja Minani na mkewe Nimpaye, wakisukuma baiskeli kuukuu aina ya Phoenix yenye dinamo ya taa. Hawa walikuwa wamevuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, na tangu hapo walilima bondeni kwa hisani ya Mwenyekiti.

"Shikamoo, mzee," alisema Minani. "Nami naondoka."

"Marahaba. Mbona wewe hukuitwa?"

"Ameitwa Theonest. Ninayekwenda ni mimi."

Alieleza bila manung'uniko. Mwenyekiti alikuwa ameahidi kwamba atakayekwenda kwa jina la Theonest, shamba la bondeni litakuwa lake na la watoto wake. Lilikuwa shamba zuri, lenye udongo mweusi. Theonest mwenyewe alikuwa ameshakwenda kujificha Nyarubungo kwa shangazi yake. Salum alisikiliza mpaka mwisho, akapima kamba, akapanda juu ya pipa.

Wiki iliyofuata, asubuhi, alifungua banda akakuta magurudumu yanazunguka. Pedali zilikuwa zimetulia. Magurudumu ya nyuma tu ndiyo yaliyokwenda, polepole, yote kwa mwendo mmoja. Salum alifunga mlango ili kuzuia upepo, akasubiri. Hayakusimama. Alikwenda kumwambia mkewe Arafa kwamba baiskeli zitahitaji oili mapema kuliko alivyokadiria.

"Basi wameanza kutembea," alisema Arafa, akaendelea kupepeta mchele.

Kuanzia siku hiyo wanawake walipotoka shamba walipitia bandani, wakakaa juu ya magunia na kutazama juu huku wakichambua maharage. Haukupita muda wakajua kusoma mwendo. Gurudumu likienda kasi, wanateremka. Likisimama mchana, wamepakiwa kwenye malori au wamefika mtoni. Zita, mke wa Ildefonce, alimtazama mumewe akitembea kutwa nzima bila kupumzika.

"Kumbe anaweza," alisema. "Kwangu hata kisimani hafiki."

Baiskeli ya Theonest ilikuwa na mwendo wake. Kutwa ilitulia kabisa. Jioni ilizunguka kidogo, ikasimama muda mrefu, kisha ikazunguka tena kwa kuyumbayumba mpaka kamba zikalia.

"Huyu naye yuko vita gani?" aliuliza Deodata, ambaye mumewe naye alikuwa vitani.

"Vya pombe ya lubisi," alijibu Zita.

Walicheka kwa ndani, kwa sababu Ansbert alikuwa mlangoni akihesabu magunia. Naye alitazama juu, akatazama muda wa kutosha. Kisha alisema kwamba askari wa upelelezi hutembea jioni, akarudi kwenye magunia yake. Nimpaye aliendelea kuchambua maharage chini ya Phoenix, na Phoenix iliendelea kwenda mbele sawasawa na baiskeli za wengine.

Mwezi Februari gurudumu la mume wa Deodata lilisimama, na tairi ikatoka upepo wote kwa mara moja. Salum aliishusha baiskeli siku hiyohiyo. Watu walikoka moto uani kwa Deodata na kulala nje kuuzunguka, wakalia, wakala, wakamaliza. Mjumbe alipofika kutoka wilayani kuleta habari, matanga yalikuwa yameshaanuliwa zamani. Deodata alimpa uji na kumshukuru kwa safari, naye mjumbe alionekana kupata ahueni.

Katikati ya mwaka, asubuhi moja, baiskeli ziligeuka. Kamba zilijisokota zenyewe, na sasa baiskeli zilitazama ukuta wa nyuma, kusini. Zita alikwenda nyumbani kupiga lipu jiko lililobanduka kabla mumewe hajaliona. Siku zilizofuata magurudumu yalizunguka kwa kasi ambayo hayakuwa nayo hata wakati wa kwenda.

Phoenix haikugeuka.

Wanaume walirudi mmoja mmoja, wamekonda, wengine na saa za mkononi. Kila aliyerudi alisimama chini ya baiskeli yake na gurudumu likasimama, ndipo Salum akaishusha. Theonest alikwenda Biharamulo mjini siku ya kuwaruhusu mgambo kurudi makwao. Jina lake liliitwa, akaitika, akapewa blanketi, akarudi Nyakahura amevaa buti zisizomtosha. Ilipikwa pombe ya ndizi kwa ajili yake. Watu wote walihudhuria, na pombe ilikuwa nzuri.

Nimpaye alikuja kwa Salum baada ya sherehe hiyo. Alitaka kujua ni nini kinachomchelewesha Minani, na Salum alimweleza jinsi alivyoelewa mwenyewe. Huko aliko, Minani alikuwa Theonest. Theonest ameshaitwa na ameshaitika. Mtu haruhusiwi mara mbili. Kwa hiyo hakuna atakayemwambia Minani kwamba vita vimekwisha, naye ni mtu wa kutii.

"Tuigeuze," alisema Nimpaye.

Salum alipanda juu ya pipa, akafungua kamba na kuielekeza Phoenix kusini, akafunga upya kwa fundo alilokuwa akifungia mizigo ya lori. Asubuhi baiskeli ilikuwa imetazama mlango tena, na fundo liko palepale, halikuguswa. Siku hiyo alijaribu kulishika gurudumu. Lilimsukuma mkono bila hasira, kama ng'ombe anayetaka kupita. Alilikaza zaidi. Mpira ulianza kupata moto, na boriti, ambayo haikuwahi kulia, ikalia.

"Mwache, mzee," alisema Nimpaye kutoka chini. "Huenda yuko mlimani. Usimwangushe."

Salum alilegeza mkono.

Mwezi Septemba alifika afisa wa jeshi kurudisha lori. Lilikuwa na matundu manne ubavuni, lakini injini ilikuwa nzima, na Salum alilisikiliza likinguruma kwa furaha ambayo hakuificha. Afisa aliingia bandani pamoja na Ansbert. Alimwuliza Mwenyekiti kama vijana wote waliotoka kijijini hapa wamerudi au wamejulikana walipo. Ansbert alisema wote. Afisa alitazama juu. Gurudumu lilikuwa likizunguka.

"Na hii?"

Ansbert alimtazama Salum, na Salum aliliona duka lake katika macho hayo kama mtu anavyoona nyumba yake kutoka upande wa pili wa bonde: rafu, mizani, chumvi, mafuta ya taa. Nimpaye alikuwa amekaa juu ya gunia la mwisho. Wote watatu walimngoja.

"Ya mteja, afande," alisema Salum. "Bado anatembea."

Afisa alikubali kwa kichwa. Alisikiliza kidogo, akasema beringi za nyuma zimekauka, na kwamba grisi ingefaa kuliko oili. Alikuwa na kopo kwenye gari lililomfuata. Aliliacha.

Afisa alipoondoka Salum alipaka grisi kwa kidole, mwenyewe, kwa uangalifu. Nimpaye alimshikia pipa. Salum aliposhuka, Nimpaye alimnawisha mikono kwa sabuni.

Lori lilirudi mahali pake. Karia ya Phoenix ilikaribia kugusa paa la kichwa cha lori, basi Salum alifupisha kamba kwa shibiri moja. Shamba la bondeni liliandikishwa kuwa la Nimpaye na watoto, kwani Ansbert alikuwa mtu wa ahadi, na mwaka ule maharage ya pale yalishinda ya kijiji kizima. Duka liliendelea. Arafa ndiye aliyesema kwamba ni hasara dinamo kukaa bure. Salum akaisogeza ikagusa tairi, na taa ikawaka.

Nimpaye huja kila siku jua likishuka. Huketi kwenye bamba la nyuma la lori na kusuka vikapu katika mwanga huo, ambao ni mweupe na hautetemeki, maana Minani hutembea kwa mwendo ulio sawa. Kwa makadirio ya Salum ameshapita Sudani. Wakati mwingine Theonest hupita njiani kwenda kilabuni, husimama mlangoni, husalimu kwa adabu na kuuliza habari za kutwa. Huambiwa ni njema. Taa huanza kufifia, hubaki kama kaa la moto, kisha huzimika.

"Amelala," husema Nimpaye, hukusanya vikapu vyake na kwenda nyumbani kupika.