Kilo Saba za Mkononi

Usingizi unamjia Tulinagwe saa tano na nusu asubuhi, akiwa bado ameshika kalamu. Ndege ya asubuhi imeshaondoka, ya alasiri haijatua, na ukumbi mdogo wa uwanja wa ndege wa Mbeya umebaki na mfagiaji mmoja anayesukuma maji ya sabuni kutoka ukuta huu hadi ule. Yuko kazini tangu saa kumi alfajiri, na jana ilikuwa vilevile, kwa sababu mwenzake anaumwa. Huu ni mwaka wake wa tatu kwenye kaunta ya shirika ambalo tiketi zake ni rahisi na kila kitu kingine kinalipiwa: begi linalipiwa, kiti cha dirishani kinalipiwa, na abiria ambaye hakujisajili kwa simu kabla ya kufika analipia hata kuchapishiwa karatasi ya kupandia ndege. Nyuma ya mlango wa ofisi msimamizi wao, Shekilindi, amebandika orodha ya nani amekusanya ngapi kila wiki, na jina la Tulinagwe halijawahi kushuka chini ya nafasi ya tatu. Lakini anapolaza kichwa juu ya kaunta haioni orodha. Anamwona mzee wa asubuhi, Ambokile Mwasumbi, dereva wa trekta mstaafu kutoka Kyela, ambaye hajawahi kupanda ndege maishani mwake na ambaye tiketi amenunuliwa na mpwa wake. Mzee huyo amefika na begi la bluu lililofungwa kamba, kilo kumi na nne, wakati tiketi yake inaruhusu kilo saba za mkononi. Habari ya kujisajili kwa simu hakuambiwa na mtu. Pesa aliyokuwa nayo imetosha ya karatasi, ya begi haikutosha. Ameeleza bila kupandisha sauti kwamba mke wake, Atupakisye, amelazwa Dar es Salaam miezi miwili, kwamba leo anaruhusiwa, kwamba alipelekwa na gari la wagonjwa akiwa amefunikwa shuka tu, na humo ndani kuna nguo zake za kutokea hospitalini, na viatu, na mchele kidogo wa kumshukuru mpwa. Ameinama kuifungua kamba ili achomoe nguo peke yake, fundo limemshinda, vidole havina nguvu tena, na Tulinagwe amemwambia kaunta inafungwa, samahani mzee wangu, ni utaratibu. Mzee amenyanyuka taratibu. Basi niwekee, mwanangu, amesema, akaandika namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi, akaenda kwenye ndege mikono mitupu.

Begi liko chini ya kaunta, limeegemea mguu wake, kisha haliegemei tena. Tulinagwe anafumbua macho, au anadhani anafumbua, na kuliona likienda zake juu ya mkanda wa mizigo, mkanda ambao haujawashwa, kuelekea kwenye ule mwanya wa ukutani wenye vipande vya mpira vinavyoning'inia. Miaka mitatu ametuma mabegi ya watu kupitia hapo na hajawahi kuuona upande wa pili. Anapanda juu ya mkanda, anatambaa kwa magoti, mpira unampapasa mgongoni kipande baada ya kipande, na anatokea barabarani. Barabara yenyewe ni ya mpira mweusi na inakwenda polepole, kwa hiyo akisimama anakwenda, na akitembea haongezi kitu. Begi limemngoja. Analinyanyua na kulitia begani, nalo ni zito kuliko kilo kumi na nne, lakini hashangai, kwa maana amechoka mno na kushangaa kunataka nguvu. Kushoto na kulia kuna mji wa vioo ambao kila nyumba yake ni kaunta, na upande wa kushoto ndio uleule wa kulia, na mbali mbele anamwona mwanamke mwenye begi la bluu begani akija kwa mwendo wa kuchoka, na kadiri wanavyosogeleana ndivyo anavyotambua kwamba ni yeye mwenyewe, na wanapokaribia kugusana barabara inapinda na mji unajipanga upya. Nyuma ya kila kaunta amesimama mtu mwenye sare ya kijani kama yake na skafu shingoni, na pale panapotakiwa kuwa na uso pana ngozi tupu, laini.

Anamsalimu wa kwanza na kumuuliza iko wapi ndege ya Dar es Salaam. Kuuliza ni bure, anajibu yule asiye na uso, kujibiwa kunalipiwa. Tulinagwe anasema hana pesa, mkoba ameuacha kwenye droo. Hapa hatupokei pesa, anasema yule, kisha anaomba jina lake, analiandika, analihesabu. Jina lako lina herufi tisa. Zinaruhusiwa saba. Anataka kubisha, kwamba jina hilo amepewa na bibi yake mzaa baba na halina hata herufi moja ya ziada, lakini anaisikia sauti ya mbele yake ikisema samahani, ni utaratibu, na sauti hiyo anaijua, ina kile kikohozi kidogo cha kusafisha koo anachokohoa yeye kila asubuhi kabla ya abiria wa kwanza. Anaacha herufi mbili za mwisho kwenye kaunta. Haya nijibu, anasema. Ndege haiendi mahali, anasema yule, mahali ndipo panapokwenda, fuata wanaokaa. Na barabara inamchukua. Kaunta ya pili wanampandisha kwenye mizani, yeye, si begi, na namba zinapanda na kupanda. Uchovu wako ni kilo thelathini, anaambiwa, nao haupandi ndege hivihivi. Anaomba apunguziwe. Anaulizwa ana nini cha kuacha, na baada ya kufikiri anaacha Jumapili yake, ile moja aliyoahidiwa mwezi huu, aliyokuwa amepanga kulala hadi saa nne na kusukwa nywele na dada yake. Jumapili inachukuliwa na kufungwa lebo. Kaunta ya tatu wanamlipisha kwa kusimama, ya nne kwa kuwa ameegemea, ya tano kwa kuwa hakusema mapema kwamba atafika. Anaacha harufu ya chai ya tangawizi. Anaacha njia ya kutoka kituoni hadi nyumbani kwake Iyunga, kiasi kwamba akijaribu kuikumbuka anaona mtaro tu na ukuta. Kila anachoacha hakimpunguzii uzito. Na kila anayempokea anakohoa kile kikohozi na kusema samahani kwa upole, na hilo ndilo linalomchosha kuliko yote, kwamba wana upole wa kweli, kwamba hakuna hata mmoja wa kugombana naye.

Halafu barabara inasimama na mji unakuwa ukumbi mmoja mrefu usio na mwisho, na kwenye viti vya chuma wamekaa watu, nao wana nyuso. Anawajua. Yupo mwanafunzi aliyeacha vitabu vinne kwenye kaunta ili begi lifungike. Yupo mama aliyelipa kwa pesa aliyoitoa kwenye fundo la khanga huku mtoto akilia mgongoni, yupo fundi aliyekatazwa kupanda na sanduku la vifaa vyake, na wengine nyuma yao, na wengine nyuma ya hao, mpaka macho yanaishiwa. Hawa ndio wanaokaa, anajiambia, na anapita katikati yao akingoja kusemwa. Hakuna anayemsema. Mwishowe anasimama mbele ya yule mama wa khanga na kumuuliza kama amemkasirikia. Hapana, anasema mama, tumechoka tu. Na wewe je, umekula? Tulinagwe hajaulizwa swali hilo kazini miaka mitatu. Mama anaelekeza kwa kidevu mwisho wa safu, na huko, kwenye ukingo wa kitanda cha hospitali kilichosimama peke yake katikati ya ukumbi, amekaa mwanamke mwembamba aliyejifunika shuka jeupe lenye mhuri wa wino, miguu yake mitupu haifiki sakafuni.

Shikamoo mama, anasema Tulinagwe. Nimekuletea begi. Atupakisye anaitikia na kumpisha nafasi kitandani kana kwamba alikuwa akimtarajia. Tulinagwe anaanza kuifungua kamba. Fundo ni gumu, limelowa na kukauka mara nyingi, anatumia kucha, anatumia meno, na mwanamke anamwangalia bila haraka, na muda unaopita hapo hauna kipimo. Kamba inaachia. Anatoa gauni la kitenge lililokunjwa kwa uangalifu wa mwanamume asiyejua kukunja, sweta, kilemba, viatu vyeusi vya ngozi vilivyopakwa rangi jana. Anamsaidia kuingiza mikono. Mifupa ya mabega inaonekana chini ya kitenge. Ni wakati anapomfunga vifungo vya mgongoni, ambapo hawatazamani, ndipo Atupakisye anapouliza. Ilikuwa lazima lilale chini ya kaunta yako? Anamaanisha begi. Tulinagwe anafungua kinywa kusema utaratibu, na neno halitoki, labda nalo limebaki kwenye kaunta mojawapo. Anabaki na yale mengine. Haikuwa lazima, anasema. Kila mwezi tunapewa kibali kimoja cha kupitisha begi la mtu bila malipo. Changu kiko kwenye droo. Nilikuwa namtunzia shangazi yangu, anakuja mwisho wa mwezi. Na pia niliogopa orodha. Anangoja. Ukumbi mzima ni kama unangoja. Atupakisye anashusha pumzi ndefu, kama mtu anayetua ndoo. Haya, anasema. Nifungie kamba za viatu, kuinama bado siwezi. Tulinagwe anapiga magoti sakafuni na kufunga kiatu cha kushoto, kisha cha kulia, na machozi yanamtoka bila kelele, nayo hayalipiwi, au hakuna aliyeyaona. Anaponyanyua kichwa kitanda ni kitupu. Amebaki yeye, na kaunta moja, na mtu mmoja asiye na uso, ambaye amemwachia nafasi ya kusimama upande wa ndani, na anayemwambia kwamba kurudi ni bure, ila uso unabaki hapa, wengi huuacha, nao hawaukosi sana. Anahisi skafu ikikazwa shingoni kwa mikono iliyozoea. Anakisikia kile kikohozi kikipanda kwenye koo lake.

Tuli. Anashtuka. Shekilindi amesimama kando yake na funguo mkononi, anamwambia ni saa nane, abiria wa alasiri wameanza kuingia, na akitaka kulala atalala Jumapili. Tulinagwe anamuuliza Jumapili ipi. Begi la bluu liko chini ya kaunta. Analivuta, analitazama, na kabla hajajipa muda wa kubadili mawazo anafungua droo, anachukua kibali, anaandika jina la Mwasumbi na kuweka sahihi, na Shekilindi anaposema kwamba kibali ni kimoja kwa mwezi anamjibu kwamba anajua. Kisha anapiga ile namba. Simu inaita sana. Mzee Ambokile anapopokea, nyuma yake kuna sauti za watu na honi za mjini, na Tulinagwe anajitambulisha, anaomba msamaha, anaeleza kwamba begi linakuja na ndege ya saa tisa, amtume mpwa akalipokee, halina malipo. Mzee anamshukuru mara mbili. Lakini usijisumbue kwa ajili ya mama, mwanangu, anasema. Ameshavaa. Tumeshatoka, tuko nje tunangoja gari.

Tulinagwe ameshika simu sikioni. Anaweza kumuuliza amevaa nini, na nani amemletea, ni swali dogo, lakini hamuulizi. Anamtakia safari njema, anakata, ananyanyua begi na kuliweka kwenye mizani, na namba zinapanda, zinashuka, zinapanda, hazitulii. Mbele ya kaunta mtu wa kwanza kwenye foleni amesogea na kusalimia. Tulinagwe anaitikia bila kuinua macho, akingoja kidogo, kidogo tu, kabla ya kumtazama usoni.