Faili la 62 kwenye Rafu ya 26

Usiku wa jana niliota nimekuwa faili. Si jipya, hapana. Faili la kaki, limechakaa pembeni, na mgongoni nina vibandiko viwili: cha kijani kimeandikwa 6, cha njano kimeandikwa 2.

Sikushangaa. Mwaka wa kumi na moja huu niko masijala ya hospitali. Nasoma miandiko ya madaktari, nautafuta kila ugonjwa kwenye faharasa, naupa namba yake, kisha napanga mafaili kwa tarakimu mbili za mwisho za namba ya mgonjwa. Kilichonikera ni kwamba nilikuwa rafu ya 26, na mimi ni wa 62.

Nijieleze. Nyamizi nimemfundisha mimi. Alikuja hajui faili linaanza kusomwa wapi, nikamshika mkono. Mwezi uliopita wakamfanya mkuu wa masijala. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga, roho inaniuma mpaka pilau la sherehe yake nikalisukuma pembeni. Shukrani ya punda ni mateke. Basi Ijumaa nikalichukua faili la Bi Sikitu, mgonjwa wa kupasuliwa Jumatatu, nikalitoa rafu yake ya 62, nikalichomeka rafu ya 26. Nilitaka Nyamizi alitafute alikose, waone walivyochagua.

"Sogea," likasema faili la jirani. "Humu tumebanana, na wewe si wa hapa."

"Nimewekwa vibaya."

"Na nani?"

Nikaligeuzia mgongo. Majirani wengine wanapenda kuchimba.

Mara niko ukumbi wa harusi. Kwenye kiti cha bibi harusi amekaa Kitabu cha Faharasa, mnene, na miwani yake.

"Unaumwa nini?" ananiuliza.

"Kifua."

"Hiyo dalili. Dalili haipewi namba wakati chanzo kinajulikana. Si ndivyo ulivyomfundisha Nyamizi?"

"Ndivyo."

"Mwenzako alishika."

Hiyo iliniingia. Analamba kidole, anajifunua. "Maumivu ya kifua: angalia Wivu."

Faharasa ikisema angalia, unakwenda kuangalia. Ukumbi unakuwa jiko langu. Wivu ameketi juu ya kinu, anakula lile pilau nililolikataa.

"Tamu kweli," anasema. "Ungeonja."

"Nipe namba yangu niende zangu."

"Kwangu hupati. Wivu: angalia Bi Sikitu."

Jiko linakuwa chumba cha upasuaji. Bi Sikitu amelala juu ya meza, anasuka ukili. Daktari ameshika sindano. "Faili lake liko wapi?" anauliza. Hakuna anayejua. Mimi najua, na najua lina nini: ukurasa wa kwanza, wino mwekundu, mwandiko wangu mwenyewe, kwamba penisilini humvimbisha koo. Nataka kusema, lakini nimefungwa kamba, na faili lililofungwa halisemi na daktari.

"Mwanangu," ananiambia Bi Sikitu, mikono haiachi ukili, "uliyetaka kumkomoa ni nani? Maana naona anayechomwa ni mimi."

Aibu ilinishika nikatamani kuliwa na mchwa.

Nyamizi anaingia, anapita rafu ya 62 kwa kidole, anafika kwenye pengo langu. Kwetu faili haliondoki mahali pake bila kuachwa kadi yenye jina la aliyelitoa. Anachomoa kadi, haina kitu. Ananigeukia.

"Dada Asteria, hapa niandike nani?"

Sindano inashuka. Nikaamka.

Kumekucha, saa kumi na mbili na nusu, Jumatatu. Nikaingia kuoga. Nilipopitisha dodoki mgongoni likakwama. Nikageuka kwenye kioo. Kibandiko cha kijani, kibandiko cha njano. Nikabandua kimoja, kikatoka na vinyweleo vya mgongo, nikasikia maumivu ya kweli.

Nikaacha maji yanamwagika, nikachukua simu.

"Shikamoo dada," akasema Nyamizi. Sauti imechoka. "Niko kazini tangu alfajiri. Faili la Bi Sikitu silioni, na saa mbili wanampeleka chumba cha upasuaji."

"Angalia rafu ya ishirini na sita."

Nikasikia viatu vyake, kisha mafaili yanasogezwa. Nikasubiri, povu linanikaukia mabegani.

"Ninalo," akasema, akashusha pumzi ndefu. "Nalipeleka sasa hivi." Viatu vikaanza tena kugonga. "Ila kadi yake haina jina, dada. Niandike nani?"

"Andika Asteria," nikamwambia.