Zivue Mwenyewe

Hatsue alikuwa amewapigia wageni magoti kwa miaka thelathini na moja, na miguu ilikuwa imemchoka. Mishipa ilimtuna nyuma ya goti kama kamba ya ndoo, jioni vifundo vikivimba, na mwanzoni mwa mwaka kidonda kikamtoka juu ya kifundo cha kushoto, kikakaa miezi minne. Daktari akampa soksi za kubana, rangi ya ngozi, ndefu mpaka chini ya goti, akamwonya: "Zivae asubuhi kabla hujainuka kwenye godoro, usizivue mpaka ukalale. Ukizembea, kidonda hakifungi, na kikifunga kitarudi." Hatsue hakuzembea. Kidonda kikafunga, naye hakumwambia mtu.

Amwambie nani? Pale kwenye hoteli ya chemchemi za maji moto, mhudumu wa vyumba akijulikana mgonjwa safari yake ni moja tu, chumba cha kufulia. Mwenzake Kinue alisema mgongo unamuuma, kesho yake akawa anakunja mashuka, na mpaka leo yuko huko huko na mvuke wake. Hatsue na mashuka wapi na wapi! Yeye alikuwa akisikia mgeni anakohoa tu, anajua kama anataka chai au pombe ya moto.

Shida ni kwamba mhudumu huvaa kimono, lile vazi refu la Kijapani, na miguuni soksi nyeupe zilizotenga kidole gumba. Nyeupe pe, bila kitu kingine. Kila siku saa nane mchana, kabla wageni hawajafika, Okami huwapanga mstari akawakagua kuanzia nywele hadi nyayo. Okami ndilo jina la heshima la mwanamke mwenye hoteli. Huyu alikuwa na miaka arobaini tu, aliirithi kazi kwa mama mkwe wake, na kwa jicho kali alimpita mama mkwe.

Alhamisi ile jicho likatua kwenye kifundo cha Hatsue, pale kimono ilipopanda kidogo.

"Hiyo nini?"

"Soksi, Okami."

"Soksi naziona, mimi si kipofu. Si ndizo zile za kukondesha miguu, zinazotangazwa kwenye televisheni?" Okami akacheka. "Hatsue! Sitini hiyo inabisha hodi, unamkondeshea nani?"

Wenzake wakacheka. Hata Yoshimi akacheka, Yoshimi ambaye Hatsue ndiye aliyemfundisha kufungua mlango wa chumba cha mgeni bila kelele. Kicheko hicho kilimuuma kuliko maneno ya Okami.

"Simkondeshei mtu."

"Basi vua. Wageni wa leo ni walimu wa adabu za kuandaa chai, wale huhesabu mpaka mishono. Vua sasa hivi, la sivyo huingii chumbani."

Hatsue akapima. Akivua, kidonda. Akieleza, mashuka. Alikuwa amesema "ndiyo, Okami" kwa mama mkwe na kwa mkwe, mpaka ndiyo yenyewe imechakaa. Leo ikagoma kutoka.

"Sivui."

"Umesemaje?"

"Nimesema sivui. Kama unazitaka, zivue mwenyewe."

Akaketi kwenye ngazi ya mlangoni, pale wageni wanapovulia viatu, akanyoosha mguu wa kushoto. Jamani! Yoshimi akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Okami angeweza kumfukuza pale pale. Lakini amri ameitoa mbele ya watu saba, arudi nyuma vipi? Akapiga magoti. Akaivua ile soksi nyeupe, kisha akaishika ya kubana kwa juu, akavuta. Wapi! Akavuta tena, jasho likamtoka, shungi likamfumka, lile lililochukua saa nzima kufungwa.

"Hii umeigundisha?"

"Vuta tu. Mimi huivua kila siku."

Ikaanza kushuka, kidogo kidogo, na mguu ukajitokeza. Mishipa ya buluu imejinyonganyonga. Ngozi ya chini imekuwa ngumu, nyeusi. Juu ya kifundo, kovu jipya, jembamba, bado jekundu. Mikono ya Okami ikasimama.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipeleka kwa Kinue."

Okami hakukana. "Kule ungepumzika," akasema, sauti chini.

"Kule ni kusimama wima kutwa nzima, Okami. Usinionee huruma, sikuiomba. Leo napanda chumbani na soksi zangu. Kesho pia. Siku ya kusema basi nitaisema mimi, na hawa wote wamesikia."

Nje gari la wageni likafunga breki. Okami akautazama mlango, akajitazama alivyo, magoti sakafuni na nywele shaghalabaghala. Wahudumu saba walikuwa wameacha kucheka.

"Inavaliwaje?" akauliza.

"Igeuze ndani nje mpaka kisigino," Hatsue akasema, mguu bado ameunyoosha. "Halafu vuta. Kwa nguvu. Zaidi ya hapo, Okami."