Isale Lenye Mizizi

Shemeji yangu Urbanus hajawahi kuniletea hata ukuni mmoja, halafu Ijumaa moja asubuhi namwona anaingia uani kwangu na sukari mkono mmoja, isale mkono wa pili. Sukari! Mwaka ule wa kuwasaka walanguzi, hata padre wetu sukari alikuwa anaisikia tu. Nikajisemea, Epifania, leo kuna jambo.

"Shemeji, nimekuja kukuomba msamaha," akasema, kichwa chini kama anakwenda kukomunika.

"Wa kosa gani?"

"Yote tu. Tangu kaka afariki sijakuangalia vizuri. Sasa ni Kwaresima, tusafishe mioyo."

Ebo! Mume wangu Damian amefariki zamani, Kwaresima ngapi zimepita, na huyu hakuwahi kukumbuka kwamba ana moyo wa kusafisha.

Sisi wa Kilema ukimkosea mtu unachuma jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Akilipokea, yamekwisha. Hawezi tena kukushitaki kwa wazee wa ukoo wala kulifufua jambo lile popote. Na kulikataa nani athubutu? Utaonekana wewe ndiye mbaya, na ng'ombe wako akifa kesho watasema umejitakia. Sasa mimi nipokee isale la kosa nisilolijua? Aka!

Bahati nilikuwa nasafisha zizi. Nikamnyooshea mikono. "Nina mavi ya ng'ombe mpaka kwenye viwiko, shemeji. Isale halishikwi hivi. Liweke pale juu ya kuni."

"Nawa basi, nakusubiri."

"Maji sijateka."

Akanitazama, nami nikamtazama. Akaliweka juu ya kuni. "Basi Jumapili baada ya misa nitakuja na Babu Thadeus, ulipokee mbele yake." Babu Thadeus ndiye mkubwa wa ukoo wao. Tazama mtu huyo, anataka na shahidi! Alipotoka nje ya lango alitembea haraka kuliko alivyoingia.

Nikanawa, maana maji yalikuwepo, nikalisogelea lile isale bila kuligusa. Juu limefungwa fundo vizuri. Chini lina mizizi, na udongo bado umeshikamana nayo. Isale la msamaha ni jani tu unalichuma. Nani anang'oa mche mzima ili kuomba radhi? Labda mtu ambaye ameshang'oa mingi, imelala kwake, akaona uvivu kwenda kuchuma jani.

Na masale yanaotesha mizizi wapi kwetu, kama si mipakani? Hayo ndiyo yanayosema hapa kwako, hapa kwa jirani.

Hapo nikashika kiuno. Mimi nimezaa mabinti watupu, na wote wameolewa. Kwetu ardhi inafuata wanaume. Kinachoniweka kwenye kihamba hiki, na migomba yake na kahawa yake, ni kaburi la Damian. Maadamu amelala ndani ya mipaka yangu, hakuna wa kuniambia nifungashe vyombo. Urbanus anajua hivyo vizuri sana. Na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka Kahe, nilikokaa kumlea binti yangu Digna aliyejifungua. Muda wote huo kihamba kilikuwa peke yake.

Nikachukua panga la kukatia majani ya ng'ombe, nikatoka kukagua. Nilianzia juu, kwenye mfereji. Masale yote yapo. Upande wa kanisani, yapo. Ukabaki upande wa korongo, ambako tunapakana mimi na Urbanus, na ambako kinapita kile kijia cha wazungu.

Wazungu wale walikuwa wanatoka hoteli ya huko juu, Urbanus akiwaongoza. Mimi nilikuwa siwaelewi. Mtu anatembea kutwa nzima, hana mzigo, haendi sokoni, haendi msibani, anazunguka kwenye kahawa za watu mpaka ukingo wa korongo, anatazama maporomoko, anarudi. Nilikuwa nawashuku tangu siku ya kwanza. Lakini kijia chenyewe kilipita upande wa Urbanus, juu ya genge, nikasema shauri lake.

Nikakifuata. Kwanza kinateremka taratibu kati ya migomba, kivuli kizuri, ardhi laini kutokana na majani yaliyooza. Nikavuka daraja la gogo. Hapo unaanza kusikia maji, na migomba inaachana, unaona anga, na chini kabisa tambarare ya Kahe nilikotoka. Nikatembea mkono mmoja umeshika vichaka, maana ukingo ule hauna utani. Ghafla kijia kikakatika. Hakikupinda, kimekatika! Mvua za masika zilikuwa zimelimega genge, na pale Urbanus alipokuwa akiwapitisha wageni wake palibaki hewa tupu.

Basi angefanyaje? Akakigeuza. Kijia kipya kilikata kushoto, kimefagiliwa vizuri, kikaingia kwangu. Pale mpaka ulipokuwa niliona vishimo vimefukiwa kwa udongo mbichi, kimoja baada ya kingine. Na masale mapya yamepandwa juu zaidi, ndani ya kihamba changu, mstari umenyooka kabisa. Kaburi la Damian limebaki upande wa pili. Upande wa Urbanus.

Kijia kilipanda kwa ngazi za mawe kuelekea hapo. Nikainama kutazama mawe yale, yana chokaa. Chokaa niliyopaka mimi mwenyewe kila Novemba kwa sikukuu ya marehemu. Alikuwa ameng'oa mawe ya kuzungushia kaburi la ndugu yake akayafanya ngazi za kupandia wageni!

Nililia. Nisiseme uongo, nilikaa pale pale chini nikalia kwa hasira, panga mapajani. Mume na mke wa kizungu wakaja wakanikuta, wakasema "Jambo, mama," yule mwanamke akanipa biskuti. Nikaipokea. Hao walikuwa wamepita tu walipoelekezwa.

Wakaondoka. Nami nikafuta machozi nikaanza kufikiri. Nikikimbilia kwa wazee leo, Urbanus atasema, nilimpelekea isale akakataa kulishika, mwanamke huyu ana roho mbaya, hasikilizwi. Nikilipokea Jumapili, mdomo wangu umefungwa. Sikupata usingizi mzuri siku hizo, lakini sikumwambia mtu.

Jumapili wakaja. Babu Thadeus mbele na fimbo yake, Urbanus nyuma na shati jeupe, na wanaume wachache wa ukoo.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mke wetu. Nasikia huyu ameleta isale na bado liko juu ya kuni. Isale halikataliwi."

"Nani amekataa, Babu? Nilikuwa na mavi ya ng'ombe. Leo nimenawa."

Nikalichukua kwa mikono miwili. Mizizi nilikuwa nimeinyunyizia maji, ilikuwa hai. Urbanus akaachia pumzi mpaka mabega yakashuka.

"Nimelipokea mbele yenu," nikasema. "Urbanus nimemsamehe, sina neno naye tena. Sasa nisindikizeni nikalipande, lisinikaukie."

"Si lazima kupanda, shemeji," Urbanus akadakia.

"Lina mizizi," nikamwambia.

Babu Thadeus akaitazama ile mizizi. Kisha akamtazama Urbanus, akainua fimbo nitangulie.

Tukateremka wote kwenye migomba, tukavuka gogo, mpaka pale kijia kilipogeuka. Sikushitaki, sikunyoosha kidole. Nilipiga magoti, nikafukua kishimo cha kwanza kwa mikono, udongo ukatoka kirahisi, nikalisimamisha isale humo. Likaenea sawasawa. Nikalishindilia.

Wanaume wakasogea kutazama. Mmoja alikuwa anafuata kwa macho vile vishimo vilivyofukiwa, kimoja kimoja mpaka ukingoni. Babu Thadeus alikuwa ameinamia ngazi, anagusa chokaa kwa kidole.

"Isale la msamaha limepandwa hapa mbele yangu," akasema hatimaye. "Nani atakayeling'oa?"

Kwetu kuling'oa isale la msamaha ni kujiitia mauti. Watu wanaogopa kufa, bwana.

Basi mpaka ukawa umesimama pale. Babu akavua koti, akakaa juu ya jiwe, akasema haondoki mpaka aone yaliyobaki yamerudi. Urbanus akaanza kung'oa masale yake ya juu, moja moja, shati lile jeupe likapata matope mpaka kwenye kola. Alipofika karibu yangu amekumbatia jiwe la kaburi, jasho linamtiririka, akanong'ona, "Si umenisamehe, shemeji?"

"Nimekusamehe," nikamwambia. "Hilo jiwe linakaa kichwani kwa kaka yako. Weka."