Joka Lililopimwa Mpaka Likaenea Sufuriani

Jana usiku niliota nimeitwa na mwalimu wa mwanangu, na tatizo ni kwamba mwalimu wa mwanangu ni mimi.

Mwito uliletwa na cherehani yangu. Ilijisogeza kutoka sebuleni mpaka kando ya kitanda, ikakohoa kidogo kwa adabu, ikasema, "Mama Subi, amka uvae. Unaitwa huko Nchi ya Ukungu."

"Nimefanya nini?"

"Mimi ni cherehani tu. Mambo ya shule siyaingilii."

Nieleze kwanza chanzo, maana ndoto bila chanzo watu huiita uzushi. Mimi ni fundi wa kushona nguo hapa Mbeya. Mwanangu Subilaga, tunayemwita Subi, ana miaka tisa. Alipanda mpera wa jirani kufuata mapera mabichi ambayo hata nguruwe wangeyasusa, tawi likakatika, akafungwa plasta, lile hogo jeupe, kuanzia pajani mpaka kwenye vidole. Daktari akasema shule aisahau muhula mzima. Kumfundisha nyumbani kukaniangukia mimi.

Subi hapendi hesabu wala jiografia, ila anapenda vitabu vya Safari za Sawida kuliko pilau. Ni vitabu sita vya msichana anayetawala nchi iliyo juu ya ukungu, yeye na rafiki yake, joka aitwaye Fukuto. Nikapata akili: masomo yote nitamfundishia humo humo. Hesabu tulipima mkia wa Fukuto kwa futi yangu ya kushonea, tukazidisha. Jiografia tulichora ramani ya Nchi ya Ukungu. Wiki ya kwanza mtoto alikuwa ananiamsha yeye. Nikaona nimelamba dume. Nikawasimulia wateja wote, hata waliokuja kupunguza suruali tu.

Lakini sisi tulivyolelewa, hadithi haitoki darasani bila kupekuliwa mifuko. Kila sura ikiisha nilikuwa nauliza, "Haya, tunajifunza nini?" Akijibu, nasema, "Sentensi kamili." Chumvi ikizidi, mboga hailiki. Kitabu cha sita kilipofika, kitabu ambacho mtoto alikisubiri mwaka mzima, hakukifungua. Alikiweka chini ya hogo kuegemezea mguu.

"Subi, mbona husomi?"

"Nikisoma utaniuliza."

Jibu lile liliniuma kuliko sindano ya cherehani ikipita kwenye ukucha, na hiyo imewahi kunipata. Nilijua nimechukua furaha ya mtoto na kuigeuza kibarua, na sikujua nitairudishaje. Na mawazo hayo ndiyo niliyolala nayo.

"Tunapita wapi?" nikaiuliza cherehani.

"Tundu la kifungo," ikasema, na kuniinulia shati la baba Subi lililokuwa linangoja kumaliziwa. Nikavuta pumzi ndani, nikapita. Mabega yalibana kidogo, ila nimewahi kupita pabaya zaidi kwenye foleni ya sukari.

Getini pa Nchi ya Ukungu palikuwa na mbuzi mwenye miwani.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Kwa nini umenisalimia? Toa sababu mbili."

"Kwa sababu una ndevu."

"Na ya pili?"

"Nimelelewa vizuri."

"Sentensi kamili."

"Nimekuamkia kwa sababu una ndevu na kwa sababu nimelelewa vizuri."

Mbuzi akatoa chaki chini ya ulimi, akanichorea alama ya vema kwenye paji la uso, akafungua geti. "Maswali haya hatukuzaliwa nayo," akasema. "Yaliletwa."

Sikumuuliza na nani.

Ndani naitambua nchi mara moja, kwa sababu ni ileile ramani tuliyochora mezani. Vilima ni vya penseli ya kijani. Ziwa lina alama ya kikombe changu cha chai. Upande wa mashariki hauna rangi kabisa, watu wa huko ni weupe kama karatasi na wanatembea wakijishika shika, kwa sababu siku ile mtoto alisema amechoka, nami nikamwambia atamalizia kesho. Kesho yake nikampa kuzidisha.

Pembeni mwa njia mama mmoja ameketi na beseni la maandazi, na mbele yake kuna watu wenye njaa wamekunja nyuso.

"Hawana hela?" nikauliza.

"Hela wanazo," akasema. "Hawajui andazi linatufundisha nini. Mimi mwenyewe sijui, ndugu yangu. Nimeamka nalo usiku nikalitazama mpaka kukakucha. Naona ni andazi tu."

Mtu mmoja nyuma akadakia kwamba andazi linatufundisha uvumilivu. Akapewa nusu.

Mto nao umesimama. Samaki wamesimama ndani yake wakiangalia mbele kama abiria. Nikauuliza mto unangoja nini.

"Uliuliza nina urefu gani," mto ukasema. "Mtoto akajibu kilomita mia moja na themanini. Hukusahihisha. Sasa nitaanzaje kwenda, wakati sijui natakiwa kufika wapi?"

"Jamani, nilipata mteja wa sare za kwaya."

"Sisi tulikuwepo, tunangoja," samaki wakadakia.

"Basi ni sahihi. Nenda."

Mto ukashusha pumzi na kuondoka kwa kasi, samaki wakiulizana kama harusi waliyokuwa wanaiwahi imeshaisha. Nikajisikia vizuri kidogo. Nikaona huenda nimeitwa kupongezwa.

Nilipogeuka sikuwa tena mtoni. Nilikuwa jikoni mwa ikulu, na jikoni mwa ikulu mnafanana sana na kwangu, ila masizi ni kidogo. Juu ya meza kuna sufuria, na kutoka ndani ya sufuria sauti nyembamba inasema, "Karibu, Mama Subi. Samahani siinuki."

Nikachungulia. Alikuwa Fukuto. Yule joka ambaye kwenye majalada ya vitabu mabawa yake yanafunika vilima vitatu alikuwa amejikunja ndani ya sufuria kama soseji.

"Pole," nikasema. "Unaumwa?"

"Siumwi. Nimepimwa." Akakohoa, ukatoka moto wa kuwashia jiko la mkaa, tena mkaa mkavu. "Kila ukinipima, kipande kinabaki kwenye futi. Jumatatu mkia. Jumanne mabawa. Ijumaa mlikokotoa ujazo wa tumbo langu. Tangu siku hiyo sina hamu ya kula."

"Ilikuwa kwa ajili ya masomo."

"Sikatai. Mimi hesabu naipenda, niliwahi kusaidia kujenga daraja katika kitabu cha pili. Lakini nikuulize na mimi swali moja. Unakumbuka kitabu cha nne, nilipolia?"

Nakumbuka. Nakumbuka vizuri kabisa, kwa sababu nilitungia swali.

"Nilikuwa nalia kwa nini?" Fukuto akauliza.

Ukweli ni kwamba vile vitabu sijawahi kuvisoma. Nilikuwa navipitia haraka haraka na kalamu mkononi, kama mtu anayechagua mchele, nikitafuta mahali pa kuchomeka swali. Nilijua joka alilia ukurasa gani. Nilijua mtoto alitakiwa kukadiria machozi ni lita ngapi. Sababu ya kulia sikuwa nayo.

"Mwanao aliijua," Fukuto akasema taratibu. "Alitaka kukwambia. Ukamwambia aandike jibu kwa lita."

Nikaona aibu, nikajifanya napangusa sufuria kwa upindo wa kitenge. Huwezi kuficha uso kwa joka uliyemweka mwenyewe sufuriani.

"Nichukue twende," akasema. "Malkia anakungoja, na hali yake si nzuri."

Nikabeba sufuria kichwani. Ukuta wa jiko ukafunguka kama zipu, tukatokea ukingoni mwa jabali. Chini ni ukungu mtupu. Na pale ukingoni amesimama Sawida mwenyewe, msichana mwembamba mwenye taji lililokaa upande, kainua mguu mmoja juu ya shimo.

"Shikamoo, Mama Subi," akasema bila kugeuza kichwa. "Samahani kwa mkao huu."

"Marahaba, mwanangu. Shuka hapo, utaanguka!"

"Siwezi kushuka na siwezi kuanguka. Huu ndio mwanzo wa kitabu cha sita. Nimeinua mguu, na mwenye kunisoma hajafungua. Mguu umekufa ganzi, mama."

Nikataka kumshika mkono. Mkono wangu ukapita katikati yake kama unavyopita kwenye mvuke wa chungu. Hapo ndipo hofu ikaniingia barabara. Niliona kwamba kitabu kile kinaweza kukaa chini ya lile hogo mpaka mfupa uunge, mtoto arudi shule, akue, aolewe, na huyu binti atakuwa bado kainua mguu. Na mwanangu naye atakuwa na kitu ndani yake kimesimama hivyo hivyo, na mimi ndiye nitakayekuwa nimekisimamisha.

"Nifanye nini?" nikauliza.

Mbuzi mwenye miwani akatokea, safari hii kavaa joho la hakimu juu ya manyoya. "Mshitakiwa ameuliza afanye nini," akasema. "Hukumu: akae kwenye benchi, asikilize hadithi. Asiulize inatufundisha nini. Akiuliza, malkia abaki alivyo."

"Hivyo tu?"

"Wewe unaona ni hivyo tu," mbuzi akasema, akaanza kutafuna ncha ya joho.

Benchi lilikuwa limejaa. Samaki walikuwepo, mama wa maandazi alikuwepo, cherehani yangu ilikaa mwisho na kukunja mguu wake mmoja wa chuma. Mtu mdogo aliyejifunika blanketi gubigubi, mguu mmoja kaunyoosha mbele, akasogea pembeni akaniachia nafasi. Nikakaa, sufuria nikaipakata. Fukuto akakohoa, akaanza kusimulia, kuanzia kitabu cha kwanza.

Dakika ya kwanza ninahesabu maneno mapya. Ya pili natafuta methali ya kufananisha. Sura ya kwanza inapoisha mkono wangu unajiinua wenyewe, mdomo unajikunja, na swali linapanda kooni kama kwikwi. Yule wa blanketi akanifinya. Alinifinya kwa ukucha, bila huruma, namna ambayo watu wa familia moja tu hufinyana. Swali likarudi tumboni.

Kisha sijui ilikuwa wapi. Labda pale Sawida alipofukuzwa kwao akiwa amebeba kuku tu. Nilisahau mkono wangu. Nilisahau kama nina mkono. Fukuto akafika kitabu cha nne na kusema kwa nini alilia. Alilia kwa sababu Sawida alimwambia anaweza kuruka aende zake popote, hafungwi na mtu, naye akagundua kwamba hakuna popote anapopataka zaidi ya hapo alipo. Jamani, nililia. Nililia kwa kwikwi, mama mzima, nikapenga kamasi kwa blanketi la jirani. Hata sikufikiria lita.

Nikahisi sufuria inakuwa nzito. Fukuto alikuwa amefika kimo cha paka, halafu cha ng'ombe, sufuria ikapasuka mapajani kwangu, mabawa yakafunguka na kivuli chake kikafunika kilima cha kwanza, cha pili. Sauti yake sasa inanitikisa mbavu. Anasema, "Na Sawida akainua mguu juu ya ukungu, akijua kwamba huko chini..."

Akanyamaza kuvuta pumzi.

"Halafu ikawaje?" nikapiga kelele.

Hata mto ulisimama tena. Nimeuliza. Nimeuliza, na binti wa watu atabaki hewani kwa ajili ya mdomo wangu. Nikajiziba kwa mikono yote miwili. Mbuzi akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akamwangalia Fukuto. Fukuto akacheka, moto ukapita juu ya vichwa vyetu ukiwa na joto la kupendeza.

"Swali hilo," mbuzi akasema, "linaruhusiwa."

Na kule ukingoni, taratibu sana, mguu wa Sawida ukaanza kushuka.

Sikuona ulikotua. Niliamka jua likiwa limeshapanda, baba Subi ameshaenda kazini, mto nilioulalia umelowa machozi. Nikakaa kitandani nikiwa na hasira, maana ni nani anayemwamsha mtu mahali kama pale?

Nikaenda chumbani kwa Subi kumwangalia. Alikuwa ameketi, ameegemea ukuta, mguu wenye hogo ameupandisha juu ya mto wa kulalia. Kitabu cha sita kilikuwa wazi mikononi mwake, na alikuwa na blanketi mabegani. Nikasimama mlangoni nimebana midomo.

Hakuinua macho. Alisogea upande wa ukutani, polepole kwa sababu ya hogo, akapigapiga godoro mahali palipobaki wazi.

"Njoo ukae basi, mama," akasema. "Ulivyopiga kelele ukaondoka, wote tumekaa tunakungoja wewe."