Majani Makavu Mlangoni

Marthe alikuwa hatulii. Alifagia ua ambao alikwisha kuufagia, akalichungulia ziwa, akaingia ndani kupiga magoti mbele ya kasha la sungura, kisha akatoka tena. Mumewe, Casimir, alikuwa ameenda Kazimia kwa boti kununua samaki wa chumvi, na siku aliyoahidi kurudi ilikuwa imepita. Upepo wa kusini ulivuma bila huruma, na hakuna boti iliyotia nanga pale mjini kwao Baraka.

Sungura wenyewe walikuwa wawili, zawadi ya padri mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Watu wengine wangewapika. Casimir aliwaita Musiyo na Madamu, Bwana na Bibi, kama Wabelgiji wa ofisini, akawapakata jioni na kuwasimulia habari za soko. Marthe, ambaye miaka yote ya ndoa hakujaliwa mtoto, alitazama tu. Wivu wa mke mwenza watu wanaujua na wanauimbia. Wivu wa kumwonea mnyama mwenye masikio marefu utamwambia nani? Alikuwa nao, na ulimuuma.

Hata siku ya safari mumewe hakuwa na neno jingine.

"Marthe, mi naenda. Bale sungura ubapatie majani ya kukauka, mingi. Matembele kidogo tu. Meno yabo inaota kila siku, majani ya kukauka ndiyo inaipunguza, na tumbo inatembea muzuri."

"Na mi?" Marthe akauliza. "Unaniachia neno gani?"

"We uko mutu muzima," Casimir akacheka, akashika njia.

Shida ilikuwa hayo majani. Casimir aliyakausha mwenyewe juu ya mawe, akayaweka darini kwenye jiko la nje, na alipokuwapo aliwalisha sungura wake nje, kibandani. Lakini mbwa walikivunja kibanda siku chache kabla ya safari, na kasha likahamia ndani. Sasa kuwalisha kulitaka mtu apitishe majani makavu mlangoni, na mwenye nyumba yuko majini! Majani makavu huingizwa ndani siku ya msiba, yakatandikwa chini ili wafiwa walale juu yake. Mke anayeyaingiza mumewe akiwa safarini anamchimbia kaburi kwa mikono yake. Mama yake kule Lubondja alimfundisha hivyo, na Marthe hakutaka kujaribu aone kama mama alisema kweli.

Basi akawapa matembele asubuhi na jioni, akaongeza ndizi, akaongeza hata ugali, maana mgeni hanyimwi kizuri. Walikula wakapanua mashavu. Kisha Musiyo akasusa. Alijikunyata pembeni, tumbo gumu, na mavi yake yakawa madogo, halafu yakakatika kabisa. Madamu naye akaanza kuchagua.

Hofu mbili zikamvuta Marthe huku na huku. Akiyaingiza majani, anamuua Casimir. Asipoyaingiza, Casimir atarudi akute kipenzi chake kimekufa, na mke hatasamehewa. Alizunguka na mawazo hayo hadi mchana, akachoka kuogopa. Akafanya ishara ya msalaba, akapanda darini, akakumbatia mzigo wa majani na kuvuka ua mbio mbio.

Na Musiyo, kwa shukrani, alinusa akageuza uso!

"Sasa utakula," Marthe akamwambia. Aliondoa matembele yote. Akalijaza majani makavu tenga kuukuu la samaki, akaficha jani moja moja la tembele katikati, ili anayetaka tamu aanze kuvuta kikavu. Mengine akayatandaza pale wanapolala. Akangoja. Madamu ndiye aliyevuta unyasi wa kwanza, ukaingia kinywani polepole kama uzi. Musiyo, asiyeweza kuona mwenzake anakula peke yake, akasogea, akauma mmoja, akauma mwingine. Marthe akacheka kwa sauti.

Hapo akasikia yowe uani.

Jirani yake, mama Kulthumu, alikuwa amemwona akikimbia na majani. Hakuuliza, nani humhoji mfiwa? Alijifunga kanga kiunoni akalia, na wanawake wa njia nzima wakaja nyuma yake.

"Hapana, mama! Ni ya sungura! Casimir hakufa!"

"Lia tu, mutoto yangu," Kulthumu akamkumbatia. "Siku ya kwanza sisi bote tunasemaka vile."

Mpaka Marthe alipowaburutia kasha mbele ya macho yao ndipo walipoacha kulia. Wawili walicheka, lakini hakuna aliyeondoka. Majani yalikuwa yameshaingia, na ziwa lilikuwa halina boti. Waliyatandaza yaliyobaki chini, wakakaa naye juu yake hadi kesho yake, na habari ya msiba ilikwisha toka na wachuuzi waliokwenda soko la Lweba, upande wa kaskazini. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, wakasema huko njiani.

Kesho yake adhuhuri mtu akasimama mlangoni, miguu mitupu, shati limelowa jasho, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa Casimir. Wanawake wakapiga kelele. Hakuwatazama wao wala kasha. Alimwendea Marthe akamshika uso kwa mikono miwili, akaupapasa kama kipofu.

"Samaki iko wapi?" Marthe akauliza.

"Niliacha yote Lweba. Upepo ilitupitisha Baraka, ikatutupa kule. Bamama ba soko bakaniambia, kwa Casimir kuko matanga, banalala kwa majani." Akajifuta vumbi machoni. "Mi niko muzima. Sasa nani alibakia mu nyumba wa kufa? Ni we tu."

Akaketi juu ya majani, akalia mbele ya wanawake wote bila kujificha. Marthe akanyosha kidole kwenye kasha.

"Sungura banakula," alimwambia. "Hata Musiyo. Kuja uone."

"Baache," Casimir akasema, akamvuta mkono. "Ikala hapa na mi."